Nuru Inaangukia Nani? Jikoni na Nyumbani katika Picha za Waholanzi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja.

Naomba tuanze na ukuta. Huu hapa, ukuta mtupu uliopakwa chokaa, nyuma ya mwanamke anayemimina maziwa. Picha hii ilichorwa na Johannes Vermeer katika mji wa Delft, Uholanzi, yapata mwaka 1660, na sasa iko Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam. Hapa mbele yenu imekuzwa na mashine, lakini yenyewe ni ndogo, haifiki nusu mita kwa urefu wala kwa upana. Utazameni ukuta taratibu. Juu kuna msumari, na msumari una kivuli chake. Kuna vitundu vya misumari iliyong'olewa. Karibu na dirisha, pale ambapo mtu angetarajia pang'ae kuliko pote, ukuta ni wa kijivu. Kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyozidi kuwa mweupe. Dirisha liko upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga unaipita ile sehemu ya karibu na kwenda kutua mbele zaidi. Kila aliyelala chumba chenye dirisha moja ameliona hilo. Kulitazama mpaka uweze kulipaka rangi ni kazi nyingine kabisa.

Jambo ninalotaka kuwaambia jioni hii ni hili: mkitaka kujua mchoraji wa aina hii anamheshimu nani, msitazame nani amekaa katikati. Tazameni nuru inamwangukia nani.

Kwa karne nyingi huko Ulaya, nuru nzito kwenye picha ilikuwa ya watakatifu na wafalme. Kanisa ndilo lililolipa, basi nuru ikatoka mbinguni. Uholanzi ya karne ya 17 mambo yalikuwa tofauti. Kanisa lililotawala lilikuwa la Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, na kuta zake hazikutundikwa picha za watakatifu. Wachoraji walimpoteza mteja mkubwa, wakageukia soko: walichora picha ndogo za kutosha ukuta wa sebule, wakaziuza kwa yeyote mwenye fedha. Msafiri Mwingereza, Peter Mundy, alipofika Amsterdam mwaka 1640 alishangaa kwamba waoka mikate na wachinjaji walitundika picha madukani mwao, na hata wahunzi na washona viatu walikuwa nazo. Watu hao walipenda kuona nini? Wengi walipenda kuona maisha wanayoyajua: jiko, ua, mtoto, barua, ulevi, ufagio.

Turudi kwa mwanamke wetu. Ni mtumishi wa nyumbani, mikono ya nguo yake imekunjwa hadi karibu na kiwiko, na ngozi iliyozoea jua na maji imetofautiana rangi na ile iliyofichwa na mkono wa nguo. Maziwa yanatoka kwa uzi mwembamba. Wasomi wengi wanaamini anatengeneza uji wa mkate mkavu, maana mezani kuna mikate iliyovunjwavunjwa. Kwenye mikate hiyo Vermeer amedondosha vitone vya rangi nyeupe na manjano, vidogo kama punje, na ukisogea karibu unaona rangi tupu. Ukirudi nyuma hatua mbili unaona mkate. Aproni yake ya buluu imepakwa ultramarini halisi, rangi iliyosagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Ilikuwa miongoni mwa rangi ghali kupita zote. Wachoraji wa zamani waliiweka akiba kwa joho la Bikira Maria. Vermeer ameivalisha aproni ya jikoni, na mimi nasimama hapa kusema kwamba huo ni uamuzi mkubwa.

Ukuta ule nao ulikuwa uamuzi. Mwaka 2022 watafiti wa Rijksmuseum walitangaza kwamba chini ya rangi, nyuma ya kichwa cha mwanamke, Vermeer alianza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, na chini kulia alichora tenga la moto, lile la kuwapasha joto watoto wachanga na kukaushia nepi zao. Vyote viwili akavifunika. Akabakiza msumari, kivuli, na kile kisanduku kidogo sakafuni cha kupashia miguu joto. Kila alichokiondoa kiliachia mwanga nafasi.

Pieter de Hooch, aliyefanya kazi Delft miaka hiyohiyo, aliishika nuru kwa njia nyingine, na nakiri moyo wangu uko kwake. Nyumba za miji ya Uholanzi zilikuwa nyembamba na ndefu, zimebanana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mwanga uliingia kwa mbele na kwa nyuma tu. Katikati kulikuwa na giza. De Hooch akaufanya mpango huo wa nyumba kuwa hadithi. Tazameni hii, ya yapata mwaka 1660, nayo iko Rijksmuseum. Mama ameketi, mtoto amepiga magoti na kuweka kichwa mapajani mwake, na mama anamtafuta chawa. Nyuma yao ni kitanda cha ndani ya ukuta chenye pazia. Kulia kuna kiti cha mtoto cha kuendea haja. Na kushoto mlango umefunguliwa kwenda chumba kingine, ambako jua limejaa. Mbwa mdogo amekaa akitazama huko kwenye mwanga. Mwanga unavuka sakafu ya vigae, unafifia, na kinachobaki kinamfikia mama. Kazi isiyotajwa mbele ya wageni imepewa nafasi ya picha nzima, bila kicheko na bila aibu.

Tusidanganyike, hata hivyo. Picha hizi zimepangwa. Sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe mnazoziona kwenye nyingi kati yake zilikuwa nadra katika nyumba za kawaida. Wachoraji walizipenda kwa sababu ya hesabu ya mistari na mng'ao. Na utulivu ule ulikuwa na gharama iliyolipwa mbali na Delft. Mji huo ulikuwa na moja ya ofisi sita za Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya Indi, iliyoundwa mwaka 1602, iliyofanya biashara kwa mizinga na kwa watumwa. Bakuli za kaure za Uchina zinazong'aa kwenye baadhi ya meza hizi ziliingia kwa njia hiyo. Bahari ya Hindi ilikuwa imezileta kaure za namna hiyo pwani yetu pia, zamani kabla ya hapo, na nyumba za mawe za Lamu zilijengewa vidaka vya kuzipanga. Kwa hiyo vitu vya kwenye picha hizi si vigeni kwetu kama tunavyodhani.

Kuhusu mchoraji mwenzao Jan Steen na picha zake za nyumba zenye fujo nitasema siku nyingine. Yeye nuru haikumshughulisha sana, alishughulishwa na watu.

Ila siwezi kuondoka bila kuwaonyesha usiku. Judith Leyster, mchoraji mwanamke wa mji wa Haarlem, alichora hii mwaka 1631, alipokuwa na miaka ishirini na ushee. Iko Mauritshuis, jumba la makumbusho la The Hague. Mwanamke anashona kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mwanamume ameinama begani kwake, kiganja kimejaa sarafu, na sote tunaelewa anataka kununua nini. Wachoraji wengine wa wakati huo walimchora mwanamke wa mkao huu akicheka na kupokea. Kwa Leyster, hata hainui macho. Taa iko mezani, na nuru yake inaangukia kitambaa, vidole na uso wake. Mwanamume amebakiziwa kivuli. Baada ya kufa kwake mwaka 1660 Leyster alisahaulika, kazi zake zikapewa majina ya wanaume, mpaka mwaka 1893 ilipogundulika kwamba picha iliyouzwa kama ya mchoraji Frans Hals ilikuwa na sahihi yake, herufi zake na nyota.

Vermeer naye alikufa mwaka 1675 akiwa na madeni. Mjane wake, Catharina Bolnes, aliachiwa watoto kumi na mmoja, na mwaka uliofuata alimkabidhi muoka mikate Hendrick van Buyten picha mbili kwa ajili ya deni la zaidi ya guilder 600, fedha ya Uholanzi ya wakati huo. Lilikuwa deni la mkate.

Miaka ishirini baadaye, Mei 1696, picha 21 za Vermeer zilipigwa mnada Amsterdam. Kulikuwa na mabibi wa hariri na lulu, wenye barua na vinanda. Mwanamke wa maziwa alinunuliwa kwa guilder 175, na ni picha moja tu iliyompita, ile ya mandhari ya mji wa Delft, iliyofika 200. Wanunuzi wa siku ile walikuwa na macho.

Karibuni kwa maswali.