Mlango, Vyumba na Zamu: Kusimamia Makundi ya Mijadala ya Wanaharakati

Makomredi, habari za mchana. Nimeombwa niongee na nyinyi mnaosimamia makundi ya simu ya vituo vya haki za kijamii, ya kampeni na ya mitaa. Wengi mmekuja mkitaka kujua namna ya kumtoa mkorofi. Tutafika huko, lakini haitatuchukua muda. Kundi likiharibika, mara nyingi chanzo si aliyetukana. Liliharibika siku lilipoundwa, pale watu wote na kazi zote zilipotiwa mahali pamoja.

Tazameni kundi la kawaida la WhatsApp. Linabeba watu 1,024. Linki ikishawekwa Facebook, linajaa upesi. Humo mmoja anauliza maandamano yanaanzia wapi, mwingine anabishania mgombea wake, wa tatu anamtafutia wakili ndugu aliyekamatwa, na katikati kuna aliyetuma dua ya asubuhi. Ule ujumbe wa wakili unazama. Tena namba ya kila mtu inaonekana na wote. Kati ya watu elfu moja msiojuana, chukulieni tu kwamba mpelelezi yumo.

Basi gawanyeni vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha matangazo: wanaandika wasimamizi peke yao. Mkitumia sehemu ya matangazo ya Jumuiya ya WhatsApp, wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao, na hiyo pekee inatosha kuichagua. Cha pili ni cha mjadala, na ushauri wangu ni kisizidi watu 150. Zaidi ya hapo wachache ndio huzungumza, waliobaki ni watazamaji. Cha tatu ni cha kazi: watu wanane hadi kumi na wawili wanaofahamiana kwa sura, na hiki kiwe kwenye Signal, programu ya ujumbe inayolinda siri zaidi. Anayelala wapi, gari la nani linabeba maji, wakili yuko kituo gani cha polisi: hayo hayatoki chumba cha tatu.

Telegram inavutia kwa sababu kundi lake linabeba hadi watu 200,000. Lakini mazungumzo ya kundi huko hayafungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule unaomwezesha mtumaji na mpokeaji pekee kusoma ujumbe, kama ilivyo Signal na WhatsApp. Itumieni kwa kutangaza, msipangie mambo huko. Na kutangaza kwenyewe msiitegemee peke yake: hapa Kenya ilivurugwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne (KCSE) mwaka 2023, na mwaka uliofuata vilevile.

Sasa mlango. Washeni kibali cha msimamizi kwa kila anayeomba kuingia, na haki ya kuongeza watu ibaki kwa wasimamizi. Chumba cha mjadala kiwe na wadhamini wawili kwa kila mgeni, nao waandike kwa maneno yao wenyewe: namfahamu, nilifanya naye kazi fulani. Maombi yapitiwe mara mbili kwa siku, saa maalumu. Msimamizi anayepitisha maombi usiku akiwa na usingizi hupitisha kila mtu. Linki ibadilishwe kila baada ya tukio la hadhara, kwa sababu ya zamani tayari iko kwenye mabango na picha za skrini.

Kanuni ziwe sita tu, zibandikwe juu. "Tuheshimiane" si kanuni. Kila mgomvi anaamini yeye ndiye mwenye heshima. Andikeni tendo linaloonekana, kwa mfano: "Usiweke picha ya uso wa mtu bila ridhaa yake." "Ukileta habari, sema nani aliona, wapi, saa ngapi." "Usimwandikie mtu faragha kama hajakukubalia."

Hiyo ya mwisho nitaisisitiza. Wanawake wengi hawaondoki kwenye makundi yetu kwa sababu ya mjadala. Wanaondoka kwa sababu mwanaume aliyechukua namba kundini anawaandikia usiku. Kisha msimamizi anajibu, "Hilo ni lenu wawili, halikutokea humu." Limetokea kwa namba iliyopatikana humu, kwa hiyo ni kazi yetu. Awepo msimamizi mwanamke wa kupokea malalamiko, na mlalamikiwa atolewe kwanza, asikilizwe baadaye. Najua wapo watakaosema huo si uadilifu. Kukosa kundi kwa siku tatu hakumuumizi mtu. Kubaki na anayekusumbua kunaumiza.

Maneno ya chuki ya kikabila yanafutwa papo hapo, bila mjadala. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinataja faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ugumu uko kwenye mafumbo. Mtu haandiki "wafukuzeni". Anaandika "madoadoa", akimaanisha watu wa makabila mengine wanaoishi hapo, au methali ya kwao ambayo msimamizi wa kutoka kwingine anaipita tu. Kwa hiyo kila zamu iwe na mtu anayejua lugha zinazotumika kundini.

Ugomvi wa kawaida una njia yake. Wakishajibizana mara tatu, waandikie wote wawili pembeni, ujumbe uleule neno kwa neno. Wasipotulia, funga kundi waandike wasimamizi tu, dakika thelathini, na utaje saa ya kulifungua. Kufunga bila kutaja saa kunazaa uvumi kwamba kuna jambo linafichwa. Kumtoa mtu kuamuliwe na wasimamizi wawili, sababu iandikwe kwa sentensi moja na muda utajwe. Rufaa iende kwa wa tatu ambaye hakuhusika. Akishatoka, asijadiliwe.

Lakini anayeuliza fedha za M-Pesa ziko wapi hatolewi. Nimesema hivi kwa sababu ndiye anayetolewa haraka kuliko wote, kwa jina la "mchochezi". Wekeni taarifa ya makusanyo kila wiki na hamtakuwa na sababu ya kumwogopa.

Saa mbaya zaidi ni ya tukio lenyewe. Fikirieni siku kama ile ya 25 Juni 2024, waandamanaji wameingia Bungeni, intaneti inasuasua, na kila sekunde inaingia picha. Kila habari ipewe alama moja kati ya tatu: imethibitishwa, haijathibitishwa, si kweli, na saa iandikwe. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, kwa hiyo aliyeuleta si shahidi, mwulizeni chanzo. Habari ya uongo msiifute kimyakimya: jibuni kwanza, kisha futeni, maana walioisoma watabaki nayo. Picha zenye nyuso zifichwe kwa kifaa cha kuziba nyuso kilichomo ndani ya Signal kabla hazijatumwa. Na picha iliyotumwa kama faili inaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa.

Ujumbe wa kujifuta uwekwe saa 24 kwa chumba cha kazi na siku 7 kwa mjadala. Hasara yake inasahaulika: ushahidi wa polisi kupiga watu unajifuta nao. Mtu mmoja apewe kazi ya kuhifadhi picha hizo nje ya kundi kwa tarehe na mahali, na jina la mpigapicha likae kwingine kabisa. Taarifa nyingine za wanachama msizihifadhi. Desemba 2016, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala la JamiiForums la Tanzania, alikamatwa Dar es Salaam baada ya mtandao wake kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Daftari la wanachama ambalo halipo haliwezi kudaiwa na mtu.

Zamu zisizidi saa tatu, wasimamizi wawili kila zamu, na mmoja wao asiwe barabarani. Anayekwenda barabarani azime alama ya kidole, abaki na namba ya siri. Akikamatwa, aliyebaki nyumbani amtoe kwenye vyumba vyote mara moja, hata kabla ya kumpigia wakili, kwa sababu simu iliyo wazi mikononi mwa polisi inaonyesha kila kitu. Mweleweshane mapema, asije akaachiwa akadhani ametengwa.

Na intaneti ikizimwa, kama ilivyozimwa Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, kila msimamizi awe na karatasi yenye namba tano za kupigia, na kila mmoja wa hao watano zake tano. Simu ya kawaida inaweza kusikilizwa na SMS kusomwa, kwa hiyo kwa njia hiyo semeni mambo mawili tu: nani yuko salama, na nani hajapatikana.