Risasi za Kale za Rivolva: Anza na Kitako

Karibu, mtazamaji. Leo tunatazama risasi za rivolva za karne ya 19, kizazi cha kwanza cha zile zenye ganda la shaba. Kabla hujanunua hata moja, ulizia sheria ya nchi yako. Kuna mahali risasi ni risasi tu, hata iwe na umri wa babu wa babu yako. Tandika kitambaa mezani, vaa glavu za pamba, weka lenzi na vernia, yaani kipimio cha kipenyo, karibu.

Usikimbilie kupima. Tazama kwanza ilikuwa ikiwashwaje.

Hii yenye pini iliyochomoza ubavuni, karibu na kitako, ni ya Lefaucheux, mtengenezaji wa silaha Mfaransa. Jeshi la majini la Ufaransa lilianza kutumia rivolva yake ya milimita 12 mwaka 1858. Pini siigusi, unaona? Ikigongwa, inaweza kulipuka hata leo.

Hii nyingine kitako chake ni kitupu. Kiwashio kimefichwa ndani ya ukingo. Smith & Wesson waliitolea rivolva mwaka 1857, wakiwa na haki ya kutumia hataza (haki ya uvumbuzi) ya Rollin White ya silinda iliyotobolewa hadi nyuma, risasi iingizwe kwa nyuma. Washindani wao Marekani wakabanwa mpaka 1869, na hapo ndipo vilipozaliwa vioja. Tazama hii ya Moore, mmoja wa washindani hao, yenye chuchu nyuma: iliingizwa kwa mbele, chuchu ikachungulia kwenye tundu dogo ili nyundo iipige. Mimi hizi za kukwepa hataza ndizo zinazonikosesha usingizi.

Sasa shika lenzi. Ukiona kitakoni "H" peke yake, hiyo ni ya kampuni ya Winchester, kwa heshima ya Benjamin Tyler Henry. "U" ni Union Metallic Cartridge Company. Isipokuwa na herufi, usiitupe: nyingi za mwanzo hazikupigwa chapa.

Pima kipenyo cha kichwa, cha ukingo, kisha urefu wa ganda. Jina la kaliba, yaani ukubwa wa risasi, halitoshi. .44 American ina kichwa kinacholingana na ganda kwa nje; cha .44 Russian kinazama ndani.

Usisugue! Dawa ya kung'arishia yenye amonia hupasua ganda. Pitisha brashi laini, basi. Wala usiifungue, baruti nyeusi haizeeki kirahisi.

Droo za mwaloni ziepuke, mvuke wake hugeuza kichwa kuwa unga mweupe. Tumia boksi la kadibodi isiyo na asidi, kila risasi na chumba chake, vipimo viandikwe kwenye kadi pembeni.