Zimebaki MGB GT V8 ngapi? Tunahesabu kwa rekodi za usajili

Haya wadau, karibuni. Tupo Mtwara, Shangani, kompyuta iko mezani, bakuli la korosho pembeni, feni inapiga kelele na haizimwi, joto mnalijua. Leo tunakadiria ni magari mangapi ya MGB GT V8, gari la michezo la Kiingereza, bado yapo duniani, na hatunyanyuki kwenye kiti.

Kwanza, chagua gari lenye hesabu safi. Hili liliuzwa kuanzia 1973 hadi 1976, lina injini ya Rover ya V8, sisi (cc) 3528, na kiwanda cha Abingdon kilitoa 2,591 tu. Soko lake lilikuwa Uingereza. Hapo ndipo utamu ulipo. MGB ya kawaida zilitengenezwa zaidi ya laki tano na nyingi zilikwenda Marekani, kwa hiyo ukichukua zilizosajiliwa Uingereza ukagawa kwa zilizotoka kiwandani, umepika uji bila unga.

Pakua data. Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza inaitoa bure. Tafuta jedwali VEH0124, lile lenye mwaka gari lilipoanza kutumika. Limekatwa mafaili mawili, A hadi M na N hadi Z. MG iko la kwanza. Faili ni zito, usilipakue kwa bando la saa moja halafu uje kunilaumu kwenye komenti. Fungua kwa Excel au LibreOffice Calc. Kwenye simu usijaribu.

Weka filta: kampuni MG, modeli yenye maandishi V8. Bonyeza. Hiyo hapo, mistari imetoka, tunajumlisha kolamu ya robo ya mwisho…

Ngoja. Ngoja kwanza. Hii jumla siipendi. Teremka chini kidogo. Mnaona miaka hii, 1993, 1994, 1995? MGB GT V8 ilishakufa 1976. Hizo ni MG RV8, gari jingine kabisa, ila jina lake nalo lina V8 ndani. Na hizi za miaka ya 2003 na kuendelea ni MG ZT yenye V8. Zote toa. Acha 1973 hadi 1976, ongeza na 1977 kwa yale yaliyochelewa kuuzwa.

Ila hiyo RV8 tuitazame kidogo, maana inafundisha. Nyingi ziliuzwa Japani zikiwa mpya, halafu baadaye Waingereza wakaanza kuzinunua huko zikiwa zimetumika, kama sisi tunavyoagiza IST. Kwa hiyo ukifuata mstari wake mwaka hadi mwaka utaona idadi inapanda wakati kiwanda kilishafunga hesabu. Gari halizaliwi upya. Ukiona idadi ya gari la zamani inaongezeka, uliza kwanza meli zimeleta nini.

Na filta yetu inakosea upande wa pili pia. Kuna V8 halisi ambazo karani aliziandika "MGB GT" tu, hizo hazionekani hapa. Na kuna MGB za sisi 1798 ambazo mafundi wamezipachika V8 na kubadilisha karatasi. Daftari haliwezi kukutenganishia. Namba ya chesisi inaweza: V8 ya kiwandani inaanza na GD2D1, GT ya kawaida ya miaka hiyo ni GHD5. Ukiona GHD5 na mwenye gari anakuapia ni V8 ya kiwandani, mwitikie tu, usimwandike.

Sasa kolamu ya hali ya leseni. Kuna makundi mawili. La kwanza ni yenye leseni, yanaruhusiwa barabarani. La pili linaitwa SORN, yaani mwenye gari ametoa taarifa kwamba limewekwa nje ya barabara. Watu wengi wanajumlisha mawili hayo wanafunga kompyuta. Usifanye hivyo.

Utaratibu wa SORN ulianza 1998. Gari lililofungiwa bandani 1995 na halijaguswa tena halimo kwenye leseni wala kwenye SORN, ila lipo, lina vumbi tu. Kisha tangu mwisho wa 2013 SORN haihuishwi kila mwaka, ukiitoa mara moja inakaa mpaka ulipie leseni, uuze au uliripoti skrepa. Kwa hiyo gari linaweza kuwa limeshakatwa vipande na karatasi bado inasema lipo. Ni kama hapa kwetu: gari limeoza chini ya mkorosho kule Nanyamba, kadi iko salama kabatini.

Kuna shimo jingine la zamani. Rekodi za karatasi za halmashauri zilitakiwa ziwe zimehamia kwenye kompyuta ya ofisi ya usajili wa magari iliyoko Swansea kufikia mwisho wa Novemba 1983. Gari ambalo halikuhamishwa lilipotea kwenye daftari. V8 ya 1973 iliyoharibika mapema inaweza kuwa mojawapo.

Ukitaka kuangalia mwenendo wa miaka, tumia jedwali VEH0120, na chagua toleo moja ubaki nalo. Moja ni la Uingereza bila Ireland Kaskazini, jingine Ireland Kaskazini imo, na hilo linaanza robo ya tatu ya 2014. Ukiyaunganisha utaona magari yamefufuka 2014. Na ukikuta herufi ndani ya mabano badala ya namba, hiyo siyo sifuri, iache ilivyo.

Umeme umecheza. Haya, hifadhi. Na usihifadhi kama CSV! CSV inatupa fomula zote. Chagua xlsx au ods.

Daftari lina mashimo, kwa hiyo tunakuja kwenye kazi yenyewe: kukadiria kwa orodha mbili. Orodha ya kwanza: daftari la klabu ya wenye magari hayo. Ya pili: matangazo ya mauzo na minada, unaandika namba ya usajili ya kila gari unaloliona. Halafu unatafuta yaliyotokea kote kuwili. Wavuvi wa utafiti wanafanya hivihivi kwa samaki: weka alama, rudisha majini, vua tena. Wenye alama wakirudi wachache, ujue samaki ni wengi.

Namba za mazoezi, siyo za kweli: klabu ina 120, matangazo 80, yaliyo kote kuwili 24. Ongeza moja kila namba: 121 mara 81, gawa kwa 25, toa moja. Unapata 391.

Hapa sasa, sogeeni karibu na skrini. Usafishe namba KABLA ya kulinganisha. Narudia, kabla. "ABC 123L" na "ABC123L" kwa kompyuta ni magari mawili. Ondoa nafasi kwa fomula ya SUBSTITUTE, weka herufi kubwa kwa fomula ya UPPER. Kisha O na sifuri. Namba za miaka hiyo ni herufi tatu, tarakimu moja hadi tatu, herufi moja ya mwaka: L, M, N, P au R. Alama ya duara ikikaa katikati ni sifuri, ikikaa kwenye tatu za mwanzo ni O. Mkosee nne tu, zilizolingana zikawa 20 badala ya 24, jibu linaruka hadi 466. Magari 75 yamezaliwa na kidole chako. Kwa hiyo safisha kwanza, nimeshasema mara tatu na nitasema tena.

Na bora zaidi, linganisha kwa chesisi, maana Waingereza huhamisha namba ya gari moja kwenda jingine. Angalizo: usikadirie uzalishaji kwa kutoa chesisi ya mwanzo kwenye ya mwisho. Za bampa ya kromu ni 101 hadi 1956, za bampa ya mpira zinaanza 2101. Katikati hakuna gari.

Jibu lisiandikwe 391 peke yake. Kwa namba zetu za mazoezi, kosa la sampuli, yaani jibu linavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ni kama 57, mara mbili yake ni 114, kwa hiyo andika takriban 280 hadi 500. Kama watu wa klabu huwa hawauzi magari yao, jibu limepanda kuliko ukweli. Kama klabu ndiyo inayotangaza mauzo, limeshuka. Liandike hilo pembeni ya namba.

Faili langu lenye fomula zote nauza elfu tano, ila mmeshaona nilivyolitengeneza, kwa hiyo sijui nani atanunua. Ukilinunua, safisha namba kwanza.