Polima Ndani ya Lami ya Barabara: Uimara Wake Unavyojengeka na Unavyochakaa

Mabibi na mabwana,

Lami ya barabara hulainika katika joto kali mpaka magurudumu mazito yakaichimbia mifereji, na katika baridi hukakamaa ikapasuka. Kuchagua lami ngumu zaidi hupunguza tatizo la kwanza lakini huzidisha la pili, na ndiyo sababu wahandisi waligeukia polima, yaani kemikali zenye molekuli ndefu kama minyororo, ili kuzichanganya na lami.

Polima itumikayo sana ni SBS (staireni-butadieni-staireni), ambayo molekuli yake ina ncha ngumu za polistaireni na sehemu ya kati ya polibutadieni inayonyumbuka kama mpira. Ncha hizo hukusanyika kuwa vifundo vinavyobaki vigumu hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kiwango ambacho uso wa barabara haufikii, ilhali sehemu ya kati hunyumbuka hata chini ya sifuri. Tena SBS hufyonza mafuta mepesi yaliyomo katika lami na kuvimba mara kadhaa ya ujazo wake. Kwa hiyo asilimia 5 hivi ya uzito yaweza kutandaza wavu ulioenea kotekote, wakati asilimia 3 mara nyingi huacha matone ya polima yaliyotawanyika tu. Mikataba mingi hutaja asilimia, kana kwamba kutia polima na kujengeka kwa wavu ni jambo moja.

Lami isiyopatana na polima yake hutengana nayo ndani ya tangi, polima ikapanda juu. Salfa kidogo huwekwa ili kuiunganisha polima na lami.

Lililo gumu zaidi ni uchakavu, kwa kuwa oksijeni hushambulia lami na polima kwa pamoja: asfalteni, yaani sehemu nzito za lami, huongezeka na kuifanya lami iwe ngumu, huku minyororo ya polibutadieni ikikatika na wavu ukilegea. Mabadiliko haya mawili hufichana. Anayepima ugumu peke yake aweza kudhani kwamba sampuli haijabadilika sana, kumbe uwezo wake wa kurudi baada ya kuvutwa umekwisha kupungua. Kuiacha lami kwa siku nyingi katika nyuzi 180 za kuchanganyia huleta madhara yayo hayo kabla haijamwagwa barabarani.

Maabara huharakisha uchakavu kwa hewa yenye mgandamizo wa megapaskali 2.1, kwa saa 20, kwa kawaida katika nyuzi 100. Kwa maoni yangu, kipimo cha kurudi baada ya kuvutwa kifanywe tena baada ya hatua hiyo, na mzigo wa lami ukubaliwe au ukataliwe kwa matokeo hayo ya pili.