Kwa Nini Kenya Ina Nafasi Mbili Tu Afrika

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya makocha, viongozi wa klabu na mashabiki

Assalaam alaikum. Wazee wangu, mama zangu, makocha, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni: viti viko hapa mbele, njooni mkae.

Mwenyekiti amenipa mambo manne ya kuzungumza: jinsi klabu inavyofuzu kucheza Afrika, leseni, viwanja, na soka ya wanawake. Nitakaa sana na la kwanza, kwa sababu ndilo linalonikera.

Kila maskani ninayopita, iwe Majengo, iwe Likoni, iwe Changamwe, maneno ni yale yale. "Tanzania wana timu nne Afrika, sisi tuna mbili. Shirikisho letu limelala. Waende CAF, Shirikisho la Soka Afrika, wakatupiganie." Nimelijibu neno hili mpaka nimechoka, na leo nalijibu tena: nafasi haziombwi. Hakuna kikao ambacho kiongozi wa Kenya angekwenda akagonga meza akarudi na nafasi ya tatu. Nafasi hutoka kwenye hesabu, na hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Nataka tuifanye pamoja, hapa hapa ubaoni.

Nchi 12 za juu katika orodha ya CAF hupeleka timu mbili Ligi ya Mabingwa na timu mbili Kombe la Shirikisho. Nchi nyingine zote ni moja na moja. Kwetu maana yake ni bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la FKF, yaani kombe la shirikisho letu la soka. Hayo mnayajua. Wasichokijua wengi ni kile kinachoiingiza nchi ndani ya hizo 12.

Pointi huanza kuhesabiwa timu ikiingia makundi. Kabla ya hapo, kwenye raundi za awali, hata umfunge mtu kumi bila, nchi yako haipati kitu. Ukiingia makundi ya Ligi ya Mabingwa ukamaliza wa mwisho, pointi 1. Wa tatu, 2. Robo fainali 3, nusu fainali 4, ukishindwa fainali 5, ukibeba kombe 6. Kombe la Shirikisho, au Shirikisho kwa ufupi, liko chini kidogo: wa mwisho kundini nusu pointi, wa tatu 1, robo 2, nusu fainali 3, anayeshindwa fainali 4, bingwa 5. Kisha, na hapa naomba mnisikilize sana, kila msimu una uzito wake. Msimu uliomalizika juzi unazidishwa mara 5, wa kabla yake mara 4, halafu 3, halafu 2, wa tano nyuma mara 1. Wa sita umekwisha, hauna thamani yoyote.

Haya, wewe kijana mwenye kalamu, andika Tanzania. Tunaanzia 2020/21. Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, 3. Namungo makundi ya Shirikisho, wa mwisho, nusu. Jumla 3.5, mara 1. Msimu wa 2021/22, Simba robo fainali ya Shirikisho, wakatolewa na Orlando Pirates kwa penalti: 2 mara 2, nne. Msimu wa 2022/23, Simba robo fainali Ligi ya Mabingwa, 3. Yanga fainali ya Shirikisho, 4. Saba mara 3, ishirini na moja. Msimu wa 2023/24, Simba na Yanga wote wawili robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Sita mara 4, ishirini na nne. Msimu wa 2024/25, Simba fainali ya Shirikisho na Berkane, 4. Yanga wa tatu kundini Ligi ya Mabingwa, 2. Sita mara 5, thelathini. Jumlisha.

82.5. Nani kapata nyingine? Hakuna.

Sasa andika Kenya, miaka ile ile mitano. Msimu wa kwanza, hakuna timu iliyofika makundi. Wa pili, hakuna. Msimu wa 2022/23 hatukucheza kabisa, kwa sababu FIFA ilikuwa imetufungia tangu Februari 2022 mpaka Novemba. Msimu wa 2023/24 bingwa wetu wa ligi hakwenda Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya kukosa leseni ya klabu. Msimu wa 2024/25 timu zilikwenda, zikatolewa kabla ya makundi. Jumlisha.

Sifuri. Msicheke. 82.5 kwa sifuri, na ukienda maskani unaambiwa ni uonevu.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa, na najua atakaloniambia. Atasema mbona Gor Mahia walibeba kombe la Afrika 1987, sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, Espérance wakalia. Mzee, heshima hiyo haiondoki na mimi sitaki iondoke. Lakini kwenye ubao huu 1987 haina hata nukta. Hata Gor wa juzi, waliomaliza wa tatu kundini 2018 na kufika robo fainali ya Shirikisho 2019, pointi zao zimeshatoka kwenye hesabu. Miaka mitano tu. Anayekaa kukumbuka hapati nafasi, anayerudi kila mwaka ndiye anayepata.

Mwingine ataniambia, "Tanzania wana pesa." Wanazo. Simba na Yanga wana wafadhili wakubwa na ligi yao ina mkataba mzuri wa televisheni. Lakini rudi ubaoni utazame ile nusu ya Namungo. Namungo ni timu ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ruangwa si Dar es Salaam. Walipita raundi za awali, wakaingia makundi, wakamaliza wa mwisho, na nusu yao ikaingia kwenye hesabu ya taifa pamoja na tatu za Simba.

Na hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu wa Pwani. Tuna desturi ya kusema, "Gor wakifungwa mimi inanihusu nini? Hao ni wa Nairobi." Inakuhusu, tena sana! Pointi si za klabu, ni za nchi. Simba walipofika robo fainali 2018/19, msimu uliofuata Tanzania ilipeleka timu nne, na mmoja wa waliofaidika ni KMC, timu ya manispaa ya Kinondoni. Hao KMC hawakuwa na historia yoyote Afrika. Mlango uliwafungukia kwa jasho la wengine. Kisha msimu wa 2020/21 Tanzania ikarudi kwenye timu mbili, maana orodha haina huruma. Hawakuandamana. Wakacheza, na 2021/22 wakawa na nne tena. Msimu wa 2025/26 timu zao zote nne, Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars, ziliingia makundi.

Kwa hiyo Bandari, klabu yetu ya Mombasa, ikimaliza ya pili kwenye ligi siku moja, na ikakosa Afrika kwa sababu Kenya ina nafasi moja tu ya Ligi ya Mabingwa, tukumbuke ni nani tuliyekuwa tukimzomea alipokuwa akizitafuta zile pointi.

Mwanga mdogo umeonekana. Mwaka 2025 Nairobi United, timu iliyokuwa bado daraja la pili, iliwafunga Gor Mahia 2-1 kwenye fainali ya kombe. Ikaenda Shirikisho, ikawatoa Étoile du Sahel wa Tunisia kwa penalti, ikaingia makundi. Kwa kuingia tu, hata wakishika mkia, ni nusu mara 5: 2.5. Ni kidogo, najua. Lakini tulikuwa kwenye sifuri.

Timu ya daraja la pili, jamani! Viongozi wa klabu mlioko hapa, nawauliza: kwa nini mnapeleka kikosi cha akiba kwenye mechi za kombe? Ligi ni mechi 34, na huwezi kushindana na kila mwenye bajeti kwa miezi yote hiyo. Kombe ni mechi chache za mtoano. Ndiyo njia fupi kuliko zote ya kutoka Mombasa kwenda Afrika, na Bandari wanaijua: 2019 waliwafunga Kariobangi Sharks fainali, wakaenda Shirikisho, wakawatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, wakabaki na hatua moja kabla ya makundi. Horoya wa Guinea wakawazuia hapo. Hatua moja. Watu wa mji huu hawaizungumzi safari ile inavyostahili.

Nilitarajia mtu aniulize kuhusu Zanzibar, maana lazima aulize. "Zanzibar wana nafasi zao wenyewe, na sisi Pwani tupewe zetu." Zanzibar wana shirikisho lao ambalo ni mwanachama mshiriki wa CAF, ndiyo maana KMKM au Mlandege huenda Afrika bila kuzigusa nafasi za Bara. Hata wao, walipopewa uanachama kamili Machi 2017, ulifutwa Julai mwaka huo huo. Mombasa iko chini ya FKF. Tusipoteze jioni nzima kwa hilo.

Leseni. Muda umekwenda, kwa hiyo nasema kwa ufupi, na hili ni kwa makatibu wa klabu hasa. Kufuzu uwanjani ni nusu ya kazi. CAF inataka klabu itimize masharti ya aina tano: michezo, yaani uwe na timu za vijana za kweli, miundombinu, utawala na wafanyakazi, pamoja na kocha mkuu mwenye leseni A ya CAF, sheria, na fedha. Penye fedha ndipo klabu zetu zinapokwama. Mchezaji uliyemwacha bila mshahara miezi mitatu akienda FIFA akashinda kesi, deni lile linakufuata mpaka siku ya leseni. Unakuwa bingwa, umebebwa mabegani, na jina lako halipelekwi. Nimewaona viongozi wa klabu wakianza kutafuta mikataba ya wachezaji kwenye droo siku kombe limeshaletwa nyumbani. Mikataba iwekwe kwenye faili siku mchezaji anapotia sahihi. Wachezaji walipwe. Hilo halihitaji semina.

Uwanja. Zile mechi za nyumbani za Bandari 2019 zilichezwa Nairobi. Karibu kilomita 480 kutoka hapa, eti nyumbani. Uwanja wao wa Mbaraki haukuwa na viwango vya CAF, na uwanja wa manispaa nyote mnaujua. Mashabiki waliopanda basi usiku kucha kwenda Kasarani wako humu ndani, nawaona. Mechi ya mtoano yenye marudiano hutegemea sana kelele za nyumbani, hasa kwa kuwa CAF bado inahesabu bao la ugenini timu zikilingana. Kwa bao la ugenini Gor walibeba kombe 1987, na kwa bao la ugenini Yanga walilikosa 2023: walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, kombe likabaki kwa USM Alger. Sasa wewe mechi ya nyumbani unaichezea mji wa watu. Kaunti na serikali kuu wanajua ninachotaka, na nitawaandikia tena.

Pesa za safari nilikuwa nimeziandalia kurasa mbili, naziruka. Nitataja moja tu: 2021 Biashara United ya Musoma walishinda mkondo wa kwanza dhidi ya Al Ahli Tripoli, kisha safari ya Libya ikawashinda, wakatolewa bila kucheza marudiano. Tikiti za ndege zitafutwe kabla ya droo, msisubiri mpaka baada yake.

Wanawake, na naomba radhi kuwaweka mwisho, maana njia yao ni fupi na ya haki zaidi. Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ilianza 2021. Bingwa wa nchi huenda kwanza kwenye mashindano ya kanda, kwetu ni CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki na Kati, na bingwa wa kanda huingia moja kwa moja kwenye fainali za timu nane. Hakuna kuzidisha kwa miaka mitano. Vihiga Queens walishinda CECAFA 2021 hapa hapa Kenya, wakacheza fainali za kwanza kule Misri. Timu ya wasichana ya Pwani ikibeba ligi ya Kenya, iko mashindano mamoja tu kutoka kwenye fainali za bara. Nataka kujua kutoka kwa makocha wa wasichana mnakwamia wapi: ni viwanja vya mazoezi, ni karo, ni nauli ya mechi za ugenini? Mama uliyenyoosha mkono tangu nikiwa kwenye hesabu, chukua maikrofoni, anza wewe.