Panda na Mfongo: Kutafuta Tatizo la Chaji kwenye Pikipiki ya Zamani

Mhadhara uliotolewa Majengo, Moshi, mbele ya mafundi na wenye pikipiki

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru mliokuja, na nawashukuru zaidi mliotoka Arusha na Usa River juu ya pikipiki zenyewe. Nimezipita hapo nje zimepangwa, na kuna milio nimeisikia leo ambayo mara ya mwisho niliisikia nikiwa mtoto.

Mezani hapa kuna betri tatu. Zichukueni, zipitisheni mkono kwa mkono. Zote zilifia kwenye pikipiki moja, Honda ya marehemu baba yangu, ndani ya mwaka mmoja. Baba alikuwa bwana shamba, na ile Honda ilimpandisha Kibosho na Machame kukagua kahawa za watu, mvua inyeshe au jua liwake. Nilipoirithi, taa yake ilikuwa inafifia kila nikiachia resi. Nikaenda dukani. Muuzaji hakuuliza swali hata moja, akasema betri imekufa, nikanunua. Baada ya miezi minne nikarudi, nikanunua nyingine. Mara ya tatu akaniongezea na rektifaya. Haikusaidia. Fedha ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya ada ya mwanangu, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa: sitaki mwingine aitoe hivyo.

Sisi wa mlimani tumekua na mfongo. Maji yanatekwa juu mtoni, yanateremka na mfereji yakipita vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya watu. Ndugu zetu Wapare wana ndiva, lile bwawa linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda shambani. Ukiamka ukakuta ndiva ni tope tupu, huchimbi ndiva nyingine. Unachukua jembe, unapanda na mfereji hatua kwa hatua. Hapa maji yapo. Hapa yapo. Hapa hayapo. Kati ya pale yalipo na pale yalipokatika ndipo penye tundu.

Betri ni ndiva. Haitengenezi umeme, inautunza. Umeme unatengenezwa kule chini kwenye injini, sumaku inapozunguka mbele ya koili. Unaotoka pale ni umeme wa kwenda na kurudi, ule ambao mita inauandika AC, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Rektifaya inaugeuza uende upande mmoja. Regyuleta inazuia usizidi. Kwenye pikipiki nyingi za volti 12 hivi viwili vimo ndani ya boksi moja la alumini lenye mapezi, na mafundi wetu wanaliita lote rektifaya. Halafu kuna waya, soketi, fyuzi, swichi, na ethi, yaani ile njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu. Nitakaa sana kwenye hivi vya mwisho, kwa sababu miaka yote niliyoshika mita, vimenisumbua kuliko vile vyenye bei kubwa.

Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha. Iweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa upande mmoja, pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote. Betri ya volti 12 iliyoshiba inasoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 ina njaa kali. Usianze kupima chochote kingine na betri yenye njaa. Ichaji kwanza kwa chaja ya pembeni, iache itulie saa kadhaa, uipime tena. Ikishindwa kushika chaji hata hapo, basi ndiyo, betri imekufa, lakini bado hujajua nani kaiua.

Sasa piga kiki, weka mita kwenye vichwa vya betri, panda resi hadi mizunguko kama 3,000 au 4,000 kwa dakika. Unatafuta namba kati ya 13.8 na 14.5. Kwa zile za volti 6, chukua karibu nusu ya hizo. Namba isiposogea kabisa, mfereji umekatika. Ikipanda kidogo ikagoma, unavuja. Na ikipita 15, regyuleta imeacha kuzuia, betri inachemka, na maji yake yataisha wiki hii hii. Hapo niseme jambo: maji yakipungua, ongeza maji ya betri, siyo asidi. Asidi haipungui kwa kuchemka, maji ndiyo yanayopungua. Kila mara ukijaza asidi unaifanya iwe kali zaidi, nayo inazitafuna sahani za risasi zilizomo ndani.

Honda ya baba ilisoma 13.1 mchana. Nikiwasha taa kubwa, 12.6. Namba kama hiyo inadanganya, kwa sababu siyo sifuri. Unaona kitu kinapanda, unasema chaji ipo. Kumbe ni kama mtoto anayekula nusu sahani kila siku. Hafi leo, ila hakui. Betri inayoishi hivyo inaota chumvi nyeupe kwenye sahani zake, na chumvi ile ikikomaa haiondoki.

Nilichofanya ndicho ninachowaomba mkifanye kesho, nacho hakina gharama. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, chukua waya mmoja wa mita uguse hasi ya betri. Mwingine uguse mwili wa regyuleta, palipo chuma kitupu. Hivi vyote viwili ni ethi, kwa hiyo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma 0.1 sina neno. Mimi, hata taa zikiwa zimezimwa, nilisoma 0.9.

Fikirini maana yake. Regyuleta inapima umeme pale ilipokaa. Ilikuwa inaona 14 kamili, inaamini betri imeshiba, inafunga mlango. Lakini karibu volti nzima ilikuwa inapotelea njiani, na betri inapata 13.1. Regyuleta haikuwa na kosa. Rektifaya mpya niliyouziwa iliwekwa palepale, ikaona yaleyale, ikafanya yaleyale.

Nikafungua tanki. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa na bolti ya namba 10 kwenye fremu, na miaka michache kabla yake baba alikuwa ameipeleka pikipiki kupigwa rangi. Rangi nyeusi nzuri kabisa. Fundi rangi hakufungua ile bolti. Alipuliza juu yake, na baadaye mtu mwingine akaifungua akarudisha kichwa cha waya juu ya rangi. Chini yake palikuwa na kutu ya kijani, ile inayotokea shaba ikikaa na unyevu. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, ukubwa wa shilingi. Nikakata kichwa kile cha waya, nikabana kipya, nikakaza, nikapaka grisi juu ili masika isiingie tena. Nikapiga kiki. Mita ikasoma 14.0. Nikawasha taa kubwa, ikashuka hadi 13.7 na kubaki hapo.

Nilikaa chini pale uani kwa muda. Betri tatu na rektifaya moja, na tiba ilikuwa kipande cha msasa.

Kwa hiyo pima njia ya hasi, kisha pima njia ya chanya vilevile, kutoka waya wa chanya unaotoka kwenye regyuleta hadi chanya ya betri. Ukikuta zaidi ya 0.3, sogeza waya wa mita hatua moja: kabla ya soketi, baada ya soketi. Kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi. Kabla ya swichi ya ufunguo, baada yake, kama umeme unapita hapo. Pale namba inaporuka ndipo penye tundu la mfereji. Soketi ya zile waya za njano zinazotoka kwenye koili iangalieni kwa macho kabisa. Plastiki ikigeuka kahawia au ikiyeyuka, pale pamekuwa jiko.

Njia zote zikiwa safi na bado chaji haipo, ndipo tunapanda hadi mtoni. Chomoa ile soketi. Kwenye pikipiki zenye waya tatu za njano, weka mita kwenye AC, washa, pima waya hizo mbili mbili, jumla mara tatu. Ukipanda resi volti zinapanda, hata kupita 50. Lakini namba yenyewe siijali kama ninavyojali zilingane. Zikitofautiana sana, kuna koili iliyoungua. Zima, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Kati ya njano na njano unatarajia chini ya omu moja. Gusanisha kwanza waya za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, uitoe. Kati ya njano na mwili wa injini kusiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, koili imegusa chuma. Na tusikimbilie kuitupa. Hapa Moshi na kule Arusha kuna mafundi wanaosuka mota za pampu kila siku. Wapelekee, waeleze unene wa waya na idadi ya mizunguko uliyoihesabu wakati wa kufumua, watakusukia.

Wenye pikipiki ndogo za Kijapani za volti 6, za miaka ya 70: nyingi hazina regyuleta kabisa. Taa na betri ndivyo vinavyoula umeme usizidi. Ndiyo maana taa kubwa ikiungua, taa ya nyuma inafuata muda si mrefu, na ukiweka balbu ya nguvu tofauti na ile ya kiwandani umeharibu mizani yote. Soma maandishi kwenye balbu kabla ya kununua.

Nije kwa Waingereza, maana mzee wetu wa Usa River amekuja na Triumph Bonneville ya 1967, na ameniruhusu niseme kilichompata. Bonneville ilitoka 1959, na jina lake linatokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah, Marekani. Kuanzia 1966 zikawa za volti 12. Na pikipiki hizi, chanya ndiyo ethi. Nasema tena kwa ajili ya vijana: waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye fremu. Kijana mmoja hodari alimbadilishia mzee betri, akafunga hasi kwenye fremu kama alivyofunga maisha yake yote. Moshi mdogo ukatoka, na rektifaya ikaenda nayo. Kijana yule hakuwa mzembe. Kila pikipiki aliyowahi kuigusa ilikuwa ya hasi. Kwa hiyo kabla hujafungua betri ya pikipiki usiyoijua, chukua chaki, weka alama kwenye waya unaokwenda kwenye fremu, na uandike unatoka upande gani.

Kwenye Triumph hiyo regyuleta ni dayodi ya Zener, kidude kilichofungwa kwenye kipande cha alumini. Umeme ukizidi, kinaumwaga kuwa joto. Kwa hiyo kinataka upepo na kinataka ethi yake safi. Ukikipaka rangi ili kipendeze, umekiua. Na kati ya sumaku na koili zake nafasi ni kama milimita 0.2, unene wa karatasi mbili za daftari. Pitisha kipande chembamba cha unene huo kuzunguka pande zote. Kikikwama mahali, sumaku inakwangua koili, na hapo mita haitakusaidia mpaka uipange sawa.

Kuna jambo moja linasumbua watu ilhali hakuna kilichoharibika. Taa kubwa ya wati 35 na ya nyuma ya wati 5 ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata zaidi ya ampia 3. Ukiwa unakata barabara kutoka Boma Ng'ombe hadi Maji ya Chai, injini inazalisha na kubakiza. Ukifika foleni ya Arusha mjini saa moja jioni, injini inanguruma chini kwa nusu saa, taa zinawaka, breki umeishika na taa yake inawaka pia. Hapo unakula akiba. Na kama umefunga spotilaiti mbili za wati 55 kila moja, hizo peke yake ni ampia 9. Mashine ya zamani haikusukwa kwa hilo. Ziondoe, au uweke za LED, na hata hizo usome wati zake kwanza.

Na kuna tabia moja naiona stendi nataka iishe: mtu anachomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, ili aone kama itazimika. Volti zinaruka ghafla, na kile ulichokuwa unakipima unakiunguza kwa mkono wako.

Basi maneno yatoshe. Kijana mwenye Yamaha nyekundu, uliyesema umebadilisha betri mara mbili tangu Pasaka, isogeze hapa mbele. Ahsante. Mama, tushikie tochi. Mita iko kwenye DC. Betri imetulia, inasoma 12.4. Piga kiki. Panda resi, panda, shikilia hapo. Wote mnaona? 12.5. Washa taa kubwa. 12.1.

Sawa, tuna maji kidogo mno. Usizime. Nani aniambie, waya huu mweusi ukibaki kwenye hasi ya betri, huu mwekundu niuweke wapi?

Kwenye mwili wa regyuleta. Haya, njoo uuweke wewe.