Moyo Mkuu: Neno Moja la Kiingereza

Ndugu zangu, jioni hii nimekuja na neno moja tu: magnanimity. Mpe mwanafunzi alifasiri, ataandika "ukarimu". Mwalimu ataweka vema, na nusu ya neno itakuwa imebaki nje ya daftari.

Waingereza walilipata kutoka Kilatini: magnus, kubwa, animus, roho. Walatini nao walikuwa wakifasiri neno la Kigiriki, lile ambalo mwanafalsafa Aristotle alimwitia mtu anayejiona anastahili heshima kubwa, na kweli anaistahili. Karne ya 13, mwanateolojia Thomas Aquinas alipopanga fadhila, hii aliiweka chini ya ushujaa. Ushujaa, jamani!

Sasa twende Virginia, Marekani, tarehe 9 Aprili 1865. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe: Jenerali Lee wa Kusini amesalimu amri mbele ya Jenerali Grant wa Kaskazini pale Appomattox. Vita vya miaka minne, wafu hawahesabiki kwa vidole, na mshindi kalamu iko mkononi mwake. Grant aliandika nini? Maafisa wabaki na bastola zao. Kwa mdomo akaongeza: askari mwenye farasi au nyumbu wake aondoke naye, akalime. Kisha akaamuru walioshindwa wapewe chakula, posho ya watu 25,000, na vijana wake walipoanza kufyatua mizinga kushangilia, akawanyamazisha. Hilo la mizinga ndilo linalonigusa kuliko chakula. Chakula ni mali ya serikali; kuzuia shangwe ya jeshi lako mwenyewe kunataka kifua.

Ndiyo maana neno hili haliwafai wote. Fukara anayemegea jirani kipande cha muhogo, Mwingereza atamsifu kwa neno jingine. Hili amemwekea mshindi, mdai, aliyekosewa: mtu mwenye uwezo wa kuumiza, akauacha. Halafu hulitumia kwa kejeli pia, kama bosi amekurudishia kalamu yako mwenyewe.

Kwetu je? Wengine hupendekeza "uungwana". Linakaribia, ila pwani mwungwana alikuwa kwanza yule asiye mtumwa, na harufu hiyo haijatoka yote. Mimi naelekea kwenye moyo. Twasema "piga moyo konde", huo ushujaa. Twasema "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri", huo ukarimu. Kiungo ni kilekile. Basi naandika "moyo mkuu", na mhariri wangu kila mara hunifutia, akaweka "ukarimu".